Kioo au fataki: rubani aliyeanguka aanze na kipi?

Rubani wa kivita akishatoka kwa parashuti, anabaki na kilichomo kwenye fulana yake ya uokozi. Redio ndiyo ya kwanza. Kwa redio ndivyo Scott O'Grady, rubani wa Marekani aliyetunguliwa Bosnia Juni 1995, alivyopatikana baada ya siku sita. Lakini helikopta ikikaribia, waokoaji wanataka kukuona kwa macho. Hapo ndipo fataki na kioo cha ishara vinapohitajika.

Fataki ya MK-124, kifaa cha mkononi cha kutoa ishara, ina ncha mbili: moshi wa rangi ya chungwa kwa mchana, moto mwekundu kwa usiku. Ncha ya usiku ina mikanda iliyoinuka ili kidole kiitambue gizani. Ubaya wake, kila ncha huwaka sekunde 20 hivi, basi. Na adui naye ana macho.

Kioo hakina kwisha. Unachungulia katika tundu la katikati, unaona kidoa cha mwanga, unakipeleka taratibu mpaka kikae juu ya ndege. Mmweko wake huonekana kilomita nyingi, tena unauelekeza unakotaka. Bila jua, hakifai.

Mchana wa jua ningeanza na kioo, fataki niitunze mpaka nisikie mlio wa helikopta. Usiku, fataki haina mpinzani.