Plagini zinazobaki na zinazoondoka: tovuti ndogo za Tanga, na kifaa kimoja cha umeme

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nachambua plagini za WordPress, yaani vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye mfumo huu wa kutengenezea tovuti ili ufanye kazi zaidi, na mwishoni kuna kifaa hapa mezani ambacho yeyote anayefanya kazi hizi nyumbani anakihitaji.

Mimi natengeneza tovuti hapa Tanga mjini: za nyumba za wageni Raskazone na Pangani, za maduka ya Ngamiani, za vijana wanaotembeza wageni mapango ya Amboni. Ni tovuti ndogo. Anayezifungua mara nyingi ana simu ya bei nafuu na bando la siku, kwa hiyo kila kitu ninachokirundika kwenye ukurasa kinalipiwa na yeye. Ndiyo maana kila plagini naiuliza swali moja: usipokuwepo, mtu huyu atakosa nini?

Tuanze na kitufe cha WhatsApp, maana mteja hukiomba kabla hata ya nembo. Ukitafuta kwenye dashibodi utakuta plagini za kitufe hiki chungu nzima. Nyingi zinakuja na faili la mtindo, faili la JavaScript, picha ya mhudumu anayetabasamu, na kidirisha kinachochomoza na kuziba bei ya chumba. Sasa tazameni skrini yangu. Nimeandika kiungo cha kawaida tu: wa.me, mkwaju (/), kisha namba ya simu ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mwishoni nikiongeza alama ya kuuliza, neno text, alama ya sawasawa na maneno yangu, mgeni akibonyeza anakuta ujumbe umeshaandikwa: "Habari, naulizia chumba." Anatuma. Hakuna plagini hapo. Kwa tovuti ya nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, plagini zote za kitufe hiki nazipa hukumu moja: haina haja.

Fomu ya mawasiliano ni habari nyingine. Mgeni wa Ujerumani anayepanga safari ya Pangani huenda akapenda kuandika barua pepe, kwa hiyo fomu inahitajika. Natumia Contact Form 7, ya Takayuki Miyoshi wa Japani, iliyoanza 2007. Ni ya bure na haina makeke. Ila kuna mambo mawili lazima myajue. La kwanza, ikiachwa ilivyo hupakia mafaili yake kwenye kila ukurasa, hata usio na fomu. Mtengenezaji mwenyewe ameeleza kwenye maelekezo yake namna ya kuizuia, fuateni. La pili ni zito zaidi: haihifadhi ujumbe. Inautuma kwa barua pepe, basi. Barua ikipotea, mgeni amepotea naye, na mwenye nyumba hatajua kamwe kwamba kuna mtu aliuliza. Mtengenezaji huyo huyo anatoa plagini ya Flamingo inayotunza ujumbe kwenye hifadhidata. Ziwekeni pamoja.

Na barua zinapotea kweli. WordPress ikiachiwa yenyewe hutuma barua kupitia seva ile ile inayobeba tovuti, na barua za namna hiyo huishia kwenye taka au hukataliwa kabisa. Tangu Februari 2024 Gmail inadai kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, yaani alama za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa anayejitaja. Kwa hiyo plagini ya SMTP (njia ya kawaida ya kutuma barua pepe), inayotuma kupitia sanduku halisi la barua la mteja, hiyo nasema weka, tena siku ya kwanza.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaioni. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, plagini ikiiangusha tovuti, WordPress humtumia msimamizi barua yenye kiungo maalumu cha kuingilia ili aizime plagini hiyo. Msaada mzuri sana. Lakini unakuja kwa barua pepe! Kama barua hazitoki, mlango huo umefungwa. Hapo inabidi uingie kwenye mafaili ya seva, ufungue wp-content, kisha plugins, na ubadilishe jina la folda ya plagini inayosumbua. WordPress ikiikosa, inaizima, na tovuti inarudi.

Plagini za kashe, zinazotunza nakala ya ukurasa ulio tayari ili ufunguke haraka, nitazipita upesi. WP Super Cache inatosha kwa tovuti hizi. Usiweke mbili za kazi moja, zitagombana.

Hizi za kujenga kurasa kwa kuburuta ndizo zinanikera. Tanga ni waja leo waondoka leo, na plagini nazipima hivyo hivyo: ikija leo iweze kuondoka leo. Baadhi yake ukizizima zinakuachia maandishi yaliyojaa mabano ya mraba na misimbo, ukurasa baada ya ukurasa, na mwenye duka anabaki amefungwa nazo. Kabla hujampa mteja kitu, kiweke kwenye tovuti ya majaribio, kizime, uone kinaacha nini.

Na zile plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu, msiziguse. Hazipati masasisho, na nyingine zimepachikwa msimbo wa kuiba.

Nakala rudufu: UpdraftPlus. Toleo la bure linapeleka nakala Google Drive, na hilo ndilo la maana, kwa sababu nakala iliyokaa kwenye seva ile ile inaangamia pamoja na tovuti.

Sasa umeme. Unasasisha plagini, umeme unakatika, ruta inazima. Sasisho likikatishwa katikati, tovuti inaweza kubaki inawaambia watu iko kwenye matengenezo. Usiogope: kuna faili linaitwa .maintenance. Subiri dakika 10 WordPress italipuuza, au lifute mwenyewe. Kisha sasisha tena plagini ile, maana huenda imebaki nusu.

Dawa ni hii hapa, UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoendelea kuilisha ruta umeme ukikatika. Kwenye boksi wameandika mAh 8,800. Namba hiyo ni ya betri kwa volti 3.7, yaani kama wati-saa 32 na nusu. Ruta ya volti 12 inayokula nusu ampea inatumia wati 6. Ukigawanya unapata saa 5 na ushei. Toa kinachopotea kwenye kupandisha volti, tegemea kama 4. Mtu akikuahidi siku nzima, achana naye. Kabla ya kununua geuza ruta usome lebo: volti lazima zilingane, ampea za UPS ziwe sawa au zaidi, na uangalie chanya na hasi za pini. Ruta ya volti 9 ukiichomeka kwenye tundu la 12 unaweza kuiunguza.

Na kwa tunaokaa karibu na bahari, pini hizi zinashika kutu kwa chumvi ya hewani. Zifuteni kwa spiriti, vifaa vikiwa vimezimwa.

Andikeni hapo chini lebo ya ruta yenu inasemaje, volti na ampea, nami nitawajibu kama UPS hii inaifaa.