Mafunzo ya Gridi na Projeksheni kwa Wachoraji wa Ramani za Mvua

Nilijiandikisha kwa mafunzo haya ya siku tatu, yanayotolewa katikati ya jiji la Nairobi, baada ya kuchora ramani ambamo mvua ya Mombasa iliangukia karibu na Moyale, kaskazini mpakani na Ethiopia. Mkufunzi hakuigusa ramani. Alifungua faili yenyewe, akanionyesha kwamba latitudo za data za ERA5 (kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa kwa kompyuta) huanzia nyuzi 90 kaskazini zikishuka kuelekea kusini, ilhali mimi nilizisoma kana kwamba zinapanda. Nchi nzima ilikuwa imepinduka, ikweta ikiwa bawaba yake.

Siku ya pili pekee ilistahili karo yote. Gridi ya ERA5, yaani mtandao wa nukta zake, ina hatua (umbali kati ya nukta na nukta) ya nyuzi 0.25, ambayo hapa kwetu ni takriban kilomita 28, na nukta yake ni kitovu cha kisanduku. Programu ikiichukua nukta hiyo kuwa pembe, kila kisanduku husogea takriban kilomita 14. Tulilithibitisha hilo kwa mikono yetu: kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, Nairobi, kiko karibu na nukta ya longitudo 36.75, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko karibu zaidi na ile ya 37. Kosa hilo lilipoingizwa, uwanja wa ndege ulipewa mvua ya Dagoretti.

Projeksheni, yaani njia za kuuchora uso wa dunia ulio mviringo kwenye ramani bapa, kwa masikitiko yangu, zilipewa dakika ishirini tu. Ile iitwayo Mercator tunaivumilia kwa kuwa karibu na ikweta haipotoshi sana, ingawa kwenye latitudo 60 hukuza eneo mara nne. UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi sita za longitudo, ilihitaji nusu siku, kwa maana Kenya imegawanywa na longitudo 36: Kisumu iko kanda ya 36, Nairobi kanda ya 37, na ikweta inazikata zote mbili.

Jambo moja ninalipinga waziwazi. Tulipolinganisha ERA5 na CHIRPS, data ya mvua itokanayo na setilaiti na vituo vya ardhini, ambayo hatua yake ni nyuzi 0.05, tuliambiwa tuchague kisanduku kilicho karibu zaidi. Kisanduku kimoja cha ERA5 kina eneo la visanduku 25 vya CHIRPS, na mvua ya radi inaweza kuunyeshea mtaa wa Karen, Nairobi, huku ule wa Embakasi ukibaki mkavu. Wastani wa vyote 25 ndio unaofaa kulinganishwa.

Anayefungua faili za gridi kila siku atafaidika sana. Anayehitaji UTM kwa kina atafute mafunzo mengine.