Mwaka Mmoja na NanoVNA-H4 Juu ya Dari ya Kisauni

Nimekuwa nikiendesha kituo cha redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio kama burudani na si biashara, kutoka Kisauni, Mombasa, kwa miaka minne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo niliamini kwamba antena yangu ya bendi ya mita 40 (urefu wa wimbi, si wa waya) ilikuwa nzima, kwa sababu mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora kabisa) iliyo kando ya redio iliniambia hivyo. Kuanzia megahezi 7.000 hadi 7.200, yaani upana wote tulioruhusiwa katika Kanda ya 1 ya mgawanyo wa kimataifa wa redio, ambamo Afrika imo, sindano ilikaa kati ya 1.3 na 1.6. Ilikuwa raha kuitazama. Hata hivyo, vituo vya Nairobi vilivyokuwa vikinisikia vizuri mwaka wa kwanza vilianza kuniomba nirudie jina la kituo mara tatu au nne, nami nikawa nalaumu hali ya anga.

Ndipo nilipoagiza NanoVNA-H4, kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia antena na kebo, kwa takriban shilingi 12,000 pamoja na usafiri. Chanzo cha kifaa hiki ni kazi ya mhandisi wa Japani ajulikanaye kwa jina la edy555, aliyeweka michoro na programu yake wazi kwa kila mtu. Baadaye mtengenezaji wa Uchina aitwaye hugen akaboresha muundo huo na kuutoa kwa wingi, kuanzia mwaka 2019. Toleo la H4 lina skrini ya kugusa ya inchi 4 na betri ya ndani, na linapima hadi gigahezi 1.5. Mashine za maabara zinazofanya kazi ya aina hii zimekuwa zikiuzwa kwa maelfu mengi ya dola, kwa hiyo kwa mtu anayejenga antena zake mwenyewe kwa kipato cha kawaida, haya ni mabadiliko makubwa.

Tofauti yake na mita ya SWR ni hii: mita hukuambia ni kiasi gani cha nguvu kinarudi, basi. Kifaa hiki hutuma mawimbi dhaifu sana, chini ya miliwati moja, katika kila hatua ya masafa uliyochagua, kisha hupima ukubwa wa mawimbi yanayorudi na pia namna yalivyochelewa. Kutokana na hayo mawili hupata omu halisi za antena yako, na kuzichora kwenye chati ya Smith (mchoro wa duara wa kuonyesha omu hizo) ili uone kama waya ni mrefu mno au mfupi mno.

Lakini kabla ya hayo yote ipo kalibresheni, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakikilaumu kifaa kwa kosa lao. Ndani ya boksi mna vifuniko vitatu vidogo vya rangi ya dhahabu: kimoja kiko wazi, kimoja kimefungwa kwa shoti, na kimoja kina mzigo wa omu 50. Unavifunga kimoja baada ya kingine kwenye tundu la kwanza na kubonyeza, ili kifaa kijue sifuri yake iko wapi. Sifuri hiyo iko pale ulipofunga vifuniko, si mahali pengine. Mara ya kwanza nilikalibreti kwenye tundu lenyewe, kisha nikaongeza kipande cha kebo cha sentimita 50 ili kuifikia antena ya mita 2. SWR haikubadilika sana, lakini omu nilizosomewa zilikuwa za uongo kabisa, kwa kuwa kwenye megahezi 145 kipande hicho ni zaidi ya theluthi moja ya urefu wa wimbi ndani ya kebo, na huzungusha picha yote ya chati. Tangu siku hiyo vifuniko navifunga kwenye ncha ya mwisho ya kebo, pale antena itakapoungwa. Aidha, ukibadilisha upana wa masafa, rudia kalibresheni; kifaa kitajaribu kukadiria kutokana na ile ya zamani, lakini makadirio si kipimo.

Sasa nirudi kwenye antena yangu. Anayenifundisha redio ni mzee wa Mji wa Kale ambaye wengi wetu humwita Ami, na ndiye aliyenishauri niiache antena yenyewe na nianze na kebo inayoiunganisha na redio. Nilipanda juu ya dari, nikaifungua kebo hiyo, aina ya RG-58, kutoka kwenye antena na kuacha ncha yake ya juu wazi, kisha nikashuka na kupima kutoka chini. Kebo nzima iliyo wazi mwishoni inapaswa kurudisha karibu nguvu yote iliyotumwa. Kwa mita 25 za kebo ya aina hiyo kwenye megahezi 7, hasara ya kwenda ni kama desibeli 1 (kipimo cha kupungua kwa nguvu) na ya kurudi ni kama hiyo, hivyo nilitarajia marejeo yawe chini kwa desibeli 2 hivi. Skrini ilionyesha 9. Nusu yake ni 4.5, na hiyo ndiyo hasara ya safari moja. Kwa maneno mengine, kati ya wati 100 nilizokuwa nikituma, takriban 35 tu ndizo zilizoifikia antena, na zilizobaki ziliishia kuipasha moto kebo.

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba kebo ile, bila antena yoyote, ilionyesha SWR ya 2.1 tu. Ningeweza kukata antena yote na kuiuza shaba yake, na mita yangu isingelia kwa sauti kubwa. Sindano ilikuwa imetulia kwa sababu kebo ilikuwa ikimeza nguvu inayokwenda na pia ile inayorudi.

Nilimpigia Ami simu nikamwambia, "Ami, waya umekufa." Akaniuliza, "Umefia wapi, mwanangu?" Sikuwa nimewaza kwamba swali hilo lina jibu. Kwenye menyu kuna sehemu inayogeuza kipimo cha masafa kuwa kipimo cha umbali: unakiambia kifaa kasi ya mawimbi ndani ya kebo, ambayo kwa RG-58 yenye plastiki ngumu ni 0.66 ya kasi ya nuru, nacho hukuonyesha mahali mawimbi yanapogonga kitu na kurudi. Nilipima kuanzia chini kabisa hadi megahezi 200, jambo linalotoa usahihi wa kama nusu mita. Kilima kimoja kilisimama kwenye mita 14, kingine mwishoni mwa kebo.

Kwenye mita 14 palikuwa na kiungo nilichokifunga mwenyewe kwa tepu miaka mitatu nyuma, pale kebo inapopinda ukingoni mwa dari upande unaopigwa na kusi. Nilipokata tepu, tabaka la juu lilikuwa kavu na la ndani likanata vidoleni kama gundi. Chini yake wavu wa shaba ulikuwa umegeuka unga wa kijani, na nilipokunja kebo likadondoka tone la maji. Niliendelea kuchuna ganda upande wa juu na wa chini nikitafuta shaba inayong'aa, na zaidi ya nusu mita kila upande wavu ulikuwa bado mweusi. Hewa ya chumvi ya Mombasa haihitaji tundu kubwa. Maji ya masika yakishaingia, husafiri ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi.

Baada ya kuweka kebo mpya isiyo na kiungo, antena ikaonekana kwa mara ya kwanza ilivyo. Ilikuwa imekaa kwenye megahezi 6.85, na kwenye 7.1 SWR ilikuwa 2.3. Waya ulikuwa mrefu kwa sentimita 74. Nilikunja sentimita 30 kila upande kwanza, nikapima, kisha nikaongeza 7, huku kijana wa jirani akishusha na kupandisha kamba iliyofungwa kwenye mnazi. Sasa bonde la chini kabisa liko 7.09, SWR 1.2, na pembezoni mwa bendi hufika 1.5. Nairobi hawaniombi tena kurudia.

Kasoro zake ninazijua. Skrini haisomeki juani. Juu ya dari saa sita mchana nililazimika kujifunika kwa leso ya mke wangu ili nione mistari. Matundu yake ni ya SMA, madogo na dhaifu, hivyo usiwahi kuning'iniza kebo nene moja kwa moja. Tumia kipande laini katikati. Juu ya megahezi 300 kizalishi chake cha mawimbi hutegemea mawimbi ya ziada (harmoniki) badala ya yale ya asili, na uwezo wake wa kuona mambo madogo hupungua, kwa hiyo anayetaka kupima chujio la UHF (masafa ya kuanzia megahezi 300) kwa makini asitarajie makubwa. Pia kuna nakala duni sokoni, baadhi zikiwa hazina hata vifuniko vya chuma vya kukinga saketi; mwombe muuzaji picha ya ndani kabla ya kulipa.

Mambo mawili yanaweza kukiua. Kwanza, usirushe mawimbi ya redio yako kikiwa kimeunganishwa. Pili, waya mrefu uliopigwa na upepo mkavu hujaa umeme tuli, basi gusisha pini ya kati na ganda la kiunganishi kabla ya kukiunga kwenye kifaa.

Jumamosi iliyopita nilivuka na kifaa hadi kwa Ami, ambaye naye amekuwa akilalamikia kituo chake. Kebo yake, licha ya umri, ilipoteza desibeli 1.3 tu, na hakuna kilima kilichoonekana katikati. Lakini kila nilipoigusa kebo kwa mkono mstari uliruka, dalili kwamba mkondo unatembea upande wa nje wa wavu na kuifanya kebo kuwa sehemu ya antena. Tumekubaliana kuizungusha mara kumi kwenye pete ya feraiti karibu na antena, kusi ikitulia kiasi cha mtu kupanda mlingoti bila wasiwasi, kisha tupime tena.