Vipindi vya falsafa vya Bryan Magee, maoni ya fundi wa Keko

Wadau habarini, naona wengi mnauliza mtu asiye na digrii aanzie wapi falsafa, mi ni fundi samani hapa Keko na vipindi vya Bryan Magee ndo vimenishika, vipo YouTube, gharama yako bando tu. Ni vya BBC vya kitambo, awamu ya kwanza 1978 ya pili 1987, kila awamu vipindi 15, na usitegemee mbwembwe maana ni watu wawili, Magee na mwanafalsafa aliyemwalika, wamekaa kwenye kochi wanapiga stori basi (kochi lenyewe mteja wa Keko angelikataa).

Magee kazaliwa 1930 Hoxton, London, kwao walikua na duka la nguo, akafika Oxford, alafu kuanzia 1974 mpaka 1983 alikua mbunge, yani ile awamu ya kwanza inarushwa jamaa yuko bungeni! Kafariki 2019.

Utamu wake ni kwamba hamwachii mgeni apotee. Profesa akianza kuzama anamsimamisha kistaarabu, anayarudia yale yale kwa lugha ya watu, alafu anamuuliza kama kampata sawasawa. Kwa Ayer, mwanafalsafa wa Kiingereza, ndo balaa, huyu mzee ujanani alivuma kwa kusema sentensi usiyoweza kuihakiki haina maana, sasa Magee anamuuliza kasoro kubwa za falsafa hiyo zilikua zipi, mzee anajibu bila kona, karibu yote haikua kweli. Aisee nilicheka mpaka dogo anayepiga msasa akaniuliza kuna nini.

Kingine ni cha Dreyfus, profesa wa Marekani, kuhusu Heidegger, mwanafalsafa wa Kijerumani, 1987. Dreyfus anamweleza Heidegger kwamba ukiwa unagonga nyundo huifikirii nyundo, unaifikiria pale inapokugomea. Hiyo mi ntabisha nini, mpini ukilegea kichwa kikaanza kucheza ndo nakumbuka nna nyundo, kabla ya hapo naona fremu ya kitanda tu.

Kasoro zipo. Kingereza chao kizito, na mashine ya randa ikiwashwa hapo jirani ndo imetoka hiyo. Alafu wageni wa awamu zote mbili wanawake ni wawili tu, Iris Murdoch na Martha Nussbaum, Mwafrika hakuna hata mmoja, hilo limeniuma kidogo.

Anza na Ayer, fuata Dreyfus, Quine (mgeni mwingine, mwanafalsafa wa Marekani) mwache kwanza. Na pakua usiku kwa bando la usiku, mchana litakata mgeni ndo kwanza kachanganya.