Tahadhari: Lateksi ya streptokokasi iliyoharibika inauzwa Kariakoo kama mpya

Nimelikalia jambo hili wiki nzima kwa aibu, maana mtu mwenye miaka 11 kwenye benchi la maabara hapaswi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwezi Juni maabara yetu iliachwa mikono mitupu, ndiyo maana nilipanda basi kwenda Dar es Salaam kwa haraka kununua lateksi hii: chembe ndogo zilizopakwa kingamwili, ambazo hushikana zikikutana na streptokokasi (bakteria) wa kundi lake.

Muuzaji alinipokea vizuri, akafungua jokofu ambalo kipimajoto chake kilisoma nyuzi 4, na bila kuulizwa akanieleza kwamba lateksi iliyopakwa kingamwili hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Alimtaja hata Rebecca Lancefield, yule aliyezipanga streptokokasi kwa herufi mwaka 1933. Nani angemshuku mfanyabiashara anayemjua Lancefield?

Kisha akafanya kile kilichonimaliza. Alidondosha kwenye kadi tone la lateksi ya bluu ya kundi A, akaongeza tone la antijeni ya udhibiti (ile inayopaswa kuishikanisha lateksi) kutoka kwenye boksi lilelile, akakoroga kwa kijiti na kuizungusha kadi taratibu kiganjani. Sekunde 20 hazijaisha, chembe za bluu zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu na majimaji katikati yake yamebaki maangavu. Akarudia kwa kundi B, ikawa vilevile. Nilitabasamu, nikamshukuru, nikamlipa shilingi 680,000 kwa simu palepale. Sikuomba tone hata moja la maji ya chumvi, ambayo lateksi nzima haipaswi kushikana nayo, mimi ambaye kila mwaka huwagombeza wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaposahau kidhibiti hasi!

Nilipofika Mwanza, kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa yeyote, nilipima kimelea chetu cha udhibiti cha Streptococcus agalactiae, ambacho ni cha kundi B. Badala ya kushika kwenye B tu, kilishika kwenye A, B, C, D, F na G. Maji ya chumvi matupu nayo yakashika. Kwa mwonekano ule lateksi hiyo iliwahi kuganda kwenye friza, na ikishaganda hujishikanisha yenyewe pasipo bakteria. Sasa fikirieni mwenzetu anayepima kundi A peke yake kwenye vimelea vya koo: angemwandikia kila mtoto jibu chanya na asishtuke.

Nilipompigia muuzaji, alisema mimi ndiye niliyeitunza vibaya njiani, na tangu jioni ile simu yake haipatikani. Mtu huyu hastahili kuonywa wala kutozwa faini ndogo. Anastahili kufungwa, kwa sababu alijua vizuri kwa nini anionyeshe upande mmoja tu wa kipimo. Malalamiko nimeshayapeleka TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na nitayafuatilia hadi aburutwe mahakamani, hata kama fedha yangu haitarudi.

Dalili zilikuwepo, ingawa niliziona nikiwa tayari nimelizwa. Stika ya tarehe ya mwisho wa matumizi ilibandikwa juu ya nyingine, namba ya toleo kwenye boksi haikufanana na ya chupa, na risiti iliandikwa kwa mkono badala ya kutoka kwenye mashine ya EFD. Boksi lenyewe liko kwenye jokofu letu, limefungwa utepe mwekundu likisubiri wakaguzi. Mwenzangu aliyenunua kwa mtu huyohuyo aje na chupa zake tulinganishe namba.