Hamilton kwenye skrini: dada anapomwachia mdogo wake mume

Rekodi ya tamthilia ya muziki Hamilton ilipigwa Juni 2016 katika ukumbi wa Richard Rodgers, New York, ikatoka kwenye Disney+, huduma ya filamu mtandaoni, Julai 2020. Ina saa mbili na dakika 40. Vita na siasa za Marekani zimo tele, ila utamu wenyewe ni dada wawili, Angelica na Eliza Schuyler, na umejaa kwenye nyimbo mbili zinazofuatana katika sehemu ya kwanza.

Katika Helpless, Eliza anampenda Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, dada yake anawakutanisha, ndoa inafungwa. Satisfied inaanza Angelica akinyanyua glasi kuwatakia heri maharusi, mara mambo yanarudi nyuma: wachezaji wanakwenda kinyumenyume, jukwaa linazunguka, na jioni ile ya kwanza tunaiona upya kwa macho ya dada mtu. Kumbe naye alimpenda. Anataja sababu tatu za kumwachia: yeye ni mkubwa, hivyo sharti aolewe na mwenye mali; kijana huyu huenda anatafuta jina la ukoo; na Eliza angenyamaza na kusema hana neno, kumbe anaumia. Renée Elise Goldsberry, anayemwigiza Angelica, anazichambua kwa rap ya kasi, kisha sauti inalegea akimfikia mdogo wake. Tuzo ya tamthilia ya Tony ya 2016 alistahili. Washa maandishi ya chini ya skrini, la sivyo sababu ya pili itakupita.

Historia inasema vingine. Angelica halisi aliolewa na John Barker Church mwaka 1777. Hamilton na Eliza walipooana Desemba 1780, Angelica alikuwa tayari mke wa mtu na mama. Baba yao naye, anayeimbwa kuwa hana mtoto wa kiume, alikuwa nao. Mtunzi Lin-Manuel Miranda aliyajua hayo akayageuza, maana Angelica mwenye mume hana cha kumwachia mtu. Mimi namuunga mkono.

Nisichokubali ni sehemu ya pili. Peggy, dada wa tatu, anatoweka, na mwigizaji wake, Jasmine Cephas Jones, anarudi akiwa Maria Reynolds, hawara wa Hamilton. Kashfa ikichapishwa, Hamilton anadhani shemeji yake Angelica amekuja kumtetea. Kumbe amemjia Eliza. Hapo ushindani wote wa nyuma unapata jibu, lakini limebanwa kwenye mistari michache. Palikuwa na wimbo mzima wa Angelica, Congratulations, ukakatwa kabla tamthilia haijafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na pengo lake linaonekana.