Mazabodi ya 2012 na GHz 4.5: vipuri gani ununue kuovakloki mashine ya zamani

Wadau, mambo vipi! Sogeeni karibu, maana hii mnayoiona hapa mezani ni ASUS P8Z77-V, mazabodi ya mwaka 2012, na nina hamu nayo kwelikweli. Kila nikifungua maoni nakutana na swali lile lile: "Kaka, nina mashine ya zamani, ninunue nini gemu ziende?" Leo jibu ninalo. Juu ya mazabodi hii nimefunga Core i5-2500K, prosesa iliyotoka Januari 2011, na hivi ninavyoongea nanyi inakimbia GHz 4.5 kori zote nne. Kiwandani ilitoka na 3.3. Hiyo nyongeza hakuna duka linaloiuza, imo humo humo ndani ya chipu. Kwa hiyo pesa ya kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, haiendi kwenye prosesa, inaenda kwa vinavyoizunguka: mazabodi, kipozeo, pawasaplai. Watu wengi wanageuza, wanamaliza hela kwenye chipu halafu wanaifunga kwenye mazabodi ya ovyo.

Matundu ya USB, sauti, wifi, sitayagusa. Yote yameandikwa kwenye boksi na hayaongezi hata fremu moja.

Kwanza herufi. Ukiona K mwisho wa namba, yaani 2500K, 2600K, 3570K, 3770K, multiplaya iko wazi, yaani unaruhusiwa kuibadilisha. Kasi ya prosesa hizi ni saa ya msingi ya MHz 100 kuzidisha kwa multiplaya. 100 mara 45, umepata 4500. Ile saa ya msingi usiiguse kabisa, kwa sababu kwenye kizazi hiki imefungamana na PCIe, njia ya kadi ya grafiki, na SATA, njia ya hardi diski, ukiisogeza kidogo tu hardi diski zinaanza kupotea. Mchezo wote uko kwenye multiplaya.

Ila K peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu wanaumia. Chipuseti, ile chipu ya mazabodi inayosimamia vifaa vyake, nayo lazima iruhusu. P67, Z68, Z77 zinaruhusu. H61, ambayo ndiyo imejaa kila kona pale Kariakoo, hairuhusu. H67 hairuhusu. Zile Dell OptiPlex na HP za ofisini zinazoingia kutoka Ulaya nyingi zina chipuseti za familia ya Q, nazo hazifungui kitu. Mtu anakuambia "bosi, hii ni i7, inapiga ovakloki." Muulize chipuseti. Akishindwa kujibu, washa mashine, fungua CPU-Z, programu inayoonyesha vipuri vilivyomo, nenda kwenye ukurasa wa Mainboard, soma mwenyewe.

Na ukiuziwa P67, tafuta maandishi B3. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza kwamba chipuseti zake za kizazi kile zina kasoro, milango ya SATA ya 3Gb/s inaweza kuchoka kadiri muda unavyokwenda. Zilirudishwa, wakatoa toleo lililorekebishwa, ndiyo hiyo B3. Isiyo na B3 bado inafanya kazi ukitumia ile milango miwili ya 6Gb/s, lakini kwa nini ujitese?

Sasa twende kwenye kitu kilichonifanya niwashe kamera. Nimeingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi, nimebonyeza F7 kwenda Advanced Mode, nimefungua Ai Tweaker, nateremka mpaka DIGI+ Power Control. Mnaona pameandikwa CPU Load-line Calibration? Hapo. Huo mstari mmoja ndio unaotenganisha mazabodi ya kuovakloki na mazabodi ya kuchapia barua.

Tulieni niwaonyeshe. Nimeweka volti 1.35 kwa mkono. LLC, kifupi cha mstari ule, nimeiacha Regular. Narudi Windows, nafungua CPU-Z upande huu na HWiNFO, ya kusoma volti na joto, upande ule. Mashine imepumzika, inasoma 1.34 na kidogo. Sawa. Sasa nawasha Prime95, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito. Tazameni namba, msiangalie sura yangu, tazameni namba. Imeshuka! 1.28. Mimi nilimwambia 1.35, prosesa imepewa 1.28, tena wakati ambao ndiyo inafanya kazi ngumu kuliko wakati wowote. Mazabodi haijaharibika. Intel wenyewe walipanga iwe hivyo: mzigo ukija volti inashuka, ili mzigo ukiondoka ghafla volti isiruke juu ikapita kiwango. Mpango mzuri kwa mtu wa ofisini. Kwa sisi, ile volti iliyopotea ndiyo skrini ya bluu katikati ya mechi. Na ukiiona imeandika 0x124 au 0x101, kwenye prosesa hizi shuku volti ndogo kabla hujaanza kulaumu RAM.

Narudi BIOS. LLC naipeleka High. Hifadhi, washa, Prime95 tena. 1.32. Mnaona? Inashuka kwa adabu. Napanda Ultra High. 1.34, imekaa pale pale, haitikisiki. Raha iliyoje! Sasa kuna mtu ameshaanza kuandika "weka Extreme kaka, maliza kazi." Nakuwekea, lakini wewe usiweke. Extreme hii hapa: 1.36 ikiwa na mzigo. Imepita niliyoomba! Na hiyo ni ile inayosomeka tu. Mzigo unapoachia kuna mruko wa sekunde ndogo mno ambao programu haiwezi kuudaka, unahitaji osiloskopu kuuona. Prosesa ya umri huu usiipige namna hiyo. High inatosha, Ultra High kama 4.5 inakusumbua, basi.

Jambo jingine hapo hapo, na hili ni la mfukoni. Volti ukiiweka Manual, haishuki hata mashine ikiwa imelala. Ukishapata kiwango chako, hamia Offset Mode, ambapo volti inafuata kasi, na uache SpeedStep, ile inayopunguza kasi mashine ikipumzika, iwe imewashwa. Sasa mashine ikipumzika inarudi GHz 1.6 na volti inateremka nayo. Nyie mnaonunua umeme wa LUKU mnanielewa.

Haya, joto. Wadau wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, hapa ongezeni sauti. Wachambuzi wa Ulaya na Marekani wanapima vipozeo kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi. Chumba changu sasa hivi, bila kiyoyozi, ni 31. Kipozeo hakishushi joto chini ya hewa inayokizunguka, kinachopimwa ni tofauti kati ya prosesa na chumba. Kwa hiyo ukiona mtu London anapata 65, wewe jihesabie 75 kabla hujafungua pochi. Kuna mtu atakuambia kipozeo kidogo kinatosha kwa 4.5. Kwake pengine kinatosha.

Na hesabu ya wati iko hivi. Ukipandisha kasi, wati zinapanda kwa kiwango kile kile. Ukipandisha volti, zinapanda kwa mraba wake. Kutoka 3.3 hadi 4.5 ni mara 1.36. Kutoka volti 1.20 hadi 1.35, mraba wake ni kama 1.27. Zidisha, unapata mara 1.7. Ukianzia wati 95 za kwenye karatasi unazidi 160. Kile kipozeo cha Intel cha kwenye boksi, chenye miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, kiweke kando.

Mimi nimefunga Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Mirija sita ya shaba, feni mbili za milimita 120. Kwa miaka mingi jina lililokuwa midomoni mwa watu ni Cooler Master Hyper 212, mirija minne feni moja, na ukiipata iliyotumika ikiwa na skrubu zake zote, chukua, bado ni kipozeo cha heshima. Ila kwa joto letu nataka hii kubwa. Prime95 inaunguruma na prosesa imegota nyuzi 70 na kidogo. Mwisho wangu mimi ni 80. Chipu yenyewe inaanza kujipunguzia kasi kwenye 98, lakini huko tusifike.

Kabla hujalipa, uliza kitu kimoja: vyuma vya kufungia vya LGA 115x, yaani soketi za Intel za 1155 na ndugu zake, vimo? Mashimo ya soketi 1155 yana umbali wa milimita 75, sawasawa na 1150, 1151 na 1200. Soketi 1700 iliyofuata ni milimita 78. Kipozeo kipya kinaweza kukujia na vyuma vya 1700 tu, ukarudi nacho nyumbani kinakutazama. Na pima keisi yako upana, hii ina urefu wa milimita 155, keisi zile nyembamba za ofisini haifungi.

Pawasaplai nitasema haraka kwa sababu inaniudhi. Usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma mstari wa 12V, chukua ampia zake zidisha kwa 12. Ukikuta boksi limeandikwa 500W halafu 12V ina ampia 20, hiyo ni wati 240, mengine ni mapambo. Prosesa yako inakula 160, kadi ya grafiki inataka 120, umeshapita. Tafuta yenye alama ya 80 Plus, ile ya ufanisi wa umeme, kutoka kampuni inayojulikana, na yenye waya wa pini 8 wa prosesa. Halafu na umeme wetu huu wa kuzimika na kurudi, weka UPS. Mazabodi ya 2012 kuipata nyingine nzima ni kazi.

RAM: DDR3 1600, vijiti viwili vya GB 8, volti 1.5. Angalia mitego miwili ya bei poa. Kuna RAM za seva, zile za Registered ECC, mazabodi hizi hazizisomi. Na kuna vijiti vya DDR3 vinavyoagizwa China vimeandikwa ni vya AMD tu. Wameandika kweli. Kwenye Intel havitawaka.

Mtu ameniuliza kuhusu upande wa pili, prosesa za AMD FX. Niwape haki yao: FX zote multiplaya iko wazi, hawakuwabagua watu kwa herufi. FX-8350 ya mwaka 2012 ina GHz 4.0 tangu boksini. Lakini inakula wati 125 kabla hujaigusa, na kori moja moja ni dhaifu, na gemu nyingi zinategemea kori moja yenye nguvu. Kwa joto hili, hapana. Ukiwa nayo tayari itumie, kununua leo sikushauri.

Kadi ya grafiki itakuwa video yake kamili, nimeshaanza kurekodi, bonyezeni kengele. Ila neno moja: usiweke RX 6500 XT kwenye mashine hizi. Inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye kompyuta ya sasa haisumbui sana, kwenye 2500K yenye PCIe 2.0 njia nne ni kama GB 2 kwa sekunde, badala ya 8 za njia 16. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, gemu linakatikakatika. GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 iliyotumika inatumia njia zote 16.

Sasa, nimeisifia 2500K, lakini kadiri ninavyoicheza wiki hizi naona kori nne zenye nyuzi nne (thread, yaani kazi zinazokwenda kwa pamoja, siyo nyuzi za joto) zinachoka. Gemu mpya zinazijaza mpaka asilimia 100 halafu picha inagandaganda, hata kwenye 4.5. Ukikutana na 2600K, hiyo ina nyuzi nane, ongeza kidogo uichukue. 3770K je? Nayo inaingia kwenye Z77 hii, ina PCIe 3.0, lakini chini ya kifuniko Intel waliweka pesti ya kupitisha joto badala ya solda, madini ya kuyeyusha ya kuunganishia, inachemka haraka zaidi. Mwenye kiyoyozi, 3770K. Asiye nacho, 2600K. Ndiyo msimamo wangu leo.

Na lazima mjue pa kuishia. Prosesa hizi zina AVX, seti ya amri za hesabu za prosesa, lakini hazina AVX2, iliyokuja na Haswell, kizazi cha nne cha Intel, mwaka 2013. Gemu linalodai AVX2 halifunguki hata ukipiga 5.0. Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane. Kwa hiyo kuhusu bei kanuni yangu ni hii: mazabodi, prosesa na kipozeo jumla vikikaribia bei ya mashine nzima ya kizazi cha nane, rudisha vitu kaunta. Kama mazabodi ya Z tayari unayo nyumbani, nunua kipozeo na uanze leo, 4.2 kwanza, kisha panda moja moja.

Andikeni kwenye maoni namba kamili ya mazabodi, herufi ya mwisho ya prosesa, na ampia za 12V za pawasaplai yako. Bila hizo tatu siwezi kukujibu kitu cha maana.